Ndoo Tupu na Ufunguo wa Stoo

Mama mkwe wangu alinivua ufunguo wa stoo kiunoni mchana kweupe, mbele ya wifi yangu na mbele ya wanawake waliokuja kununua mchele. Sikumzuia. Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani kwenye pindo la kanga, akalifungua fundo taratibu kwa vidole vyake virefu, akamkabidhi wifi. Halafu akasema kwa sauti ya upole kabisa, ile inayouma kuliko matusi, "Mtu anayejiibia chakula chake mwenyewe hawezi kushika stoo ya watu."

Naanzia hapo kwa sababu hasira yangu ilianzia hapo, na mpaka leo sijaona sababu ya kuizima. Wajukuu huniambia, bibi, hayo yamepita. Yamepita kwa nani? Mimi bado nayasikia yale maneno, na bado nayajibu nikiwa peke yangu jikoni.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu, huku upande wa Ushirombo, mwanamke aliyeolewa kwa ng'ombe ana vitu vichache sana ambavyo ni vyake. Mume ana zizi, mke ana stoo. Mahindi, mpunga, karanga, vyote hupita mkononi mwake, na yeye ndiye anayejua nyumba itakula nini mpaka mvua nyingine. Ukimvua ufunguo umemwambia kwamba ni mgeni, na mgeni siku moja huaga. Wengi nimewaona wakirudishwa kwao kwa kuanzia kwenye ufunguo.

Kosa langu lilikuwa moja tu. Nilikuwa na ugonjwa wa sukari, na sukari yenyewe ilikataa kushuka.

Ilikuwa miaka ya tisini, dhahabu imewatia watu kichaa. Mume wangu hakushuka kwenye duara, yale mashimo ya wachimbaji, hata mara moja. Alisema shimo la kuingia yeye ni moja tu na hana haraka nalo. Yeye aliona kwamba wachimbaji wanakula. Akawa anapeleka mchele machimboni Nyarugusu, kwanza kwa baiskeli, kisha kwa gari la kukodi, na mambo yakatunyookea. Tukaweka vibarua shambani. Mimi niliyekuwa nikilima mpunga maji yakiwa magotini, nikawa mtu wa kukaa kwenye kigoda mbele ya duka letu na kupima mchele kwa kopo. Nikanenepa. Watu walifurahi, kwa sababu kwetu mke akinenepa anayesifiwa ni mume.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, naye alinenepa. Alikuwa ameachana na mumewe huko Segese, akarudi nyumbani kwa kaka yake, tukawa tunakaa kwenye vigoda viwili, tunakunywa chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Tulikuwa rika moja na tulipendana, hilo nalisema mapema kabla sijaanza kumsema. Tukaanza kuugua karibu kwa wakati mmoja. Kiu isiyokatika, kwenda haja ndogo kila mara, macho yenye ukungu. Mwanzoni tulicheka, tukasema ni chai. Baadaye hatukucheka, tukaenda zahanati.

Zamani hizo mganga hakuwa na kile kimashine cha kutoboa kidole. Alikuwa na dawa ya bluu kwenye chupa. Unampa mkojo, anadondosha matone kwenye mrija wa kioo wenye ile dawa, anauchemsha juu ya moto wa spiriti, na wewe umekaa hapo unaangalia. Ikibaki bluu, huna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Ikienda njano, halafu rangi ya chungwa, halafu nyekundu ya tofali, basi. Wifi na mimi wote tulipata rangi ya chungwa. Presha yangu nayo ilikuwa juu kuliko yake.

Mganga akatuambia hatatupa vidonge kwanza. Tupunguze ugali, chai tunywe bila sukari, na tutembee kila alfajiri, mwendo wa haraka, wa kutoa jasho na kuhema, si ule wa kwenda kusalimia jirani. "Mkitembea, misuli inaila sukari," alisema. "Mtaona wenyewe."

Basi tukatembea. Na hapo tukagundua jambo ambalo mganga hakulifikiria: kwetu mwanamke mzima hatembei hivihivi. Anakwenda kisimani, anakwenda shamba, anakwenda msibani. Ukionekana alfajiri unakwenda mbio mikono mitupu, watu wanakusimamisha. Mwangaluka, mwangaluka, habari za asubuhi, kuna nini huko mbele, nani amefariki? Tukijibu kwamba tunatembea tu, mtu anatutazama juu hadi chini. Siku ya tatu, ya nne, ikawa ni mzaha wa kijiji kizima kwamba wanawake wa kwa muuza mchele wamepotelewa na ng'ombe wasiyemjua rangi.

Wifi ndiye aliyepata akili. Akachukua ndoo mbili tupu, akanitwika moja. Kuanzia hapo hakuna aliyetuuliza tena. Tulikwenda kwa kasi mpaka kwenye josho la ng'ombe na kurudi, ndoo tupu kichwani, maji hatuchoti, na kila mtu aliridhika kwamba tuna kazi. Mama mkwe alituona tukirudi tunatiririka jasho, akasema, "Debe tupu haliachi kuvuma." Tulicheka mpaka wifi akaangusha ndoo.

Tulitembea hivyo kuanzia mpunga ulipopandikizwa mpaka ulipovunwa. Njia ileile, saa ileile, mwendo uleule, bega kwa bega. Kama kulikuwa na aliyechoka ni wifi, ambaye kila tukifika kwenye mteremko wa josho alinishika kanga nimngojee. Nyumbani tulikula chungu kimoja. Chai ikawa chungu kama shubiri, tukainywa.

Tukarudi kupimwa. Mrija wa wifi ukachemka ukabaki bluu, bluu ya anga isiyo na wingu. Mganga akampa mkono. Wangu ukachemka, ukaenda kijani, ukapita njano, ukatulia kwenye rangi ya chungwa, palepale nilipouacha.

Mganga hakugombeza. Afadhali angegombeza. Aliinamisha kichwa pembeni akaniuliza, "Mama, kuwa mkweli. Unakula nini kwa siri?"

Nikamwambia sili kitu kwa siri. Akaandika alichoandika. Nilimgeukia wifi aseme, kwa sababu alikuwepo, hatua zangu alizihesabu kwa kuhema kwake mwenyewe. Wifi akautazama mrija wake wa bluu, akanyamaza.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Mama mkwe akakumbuka kwamba gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha juani, lilikuwa linapungua. Kweli lilikuwa linapungua. Aliyelipunguza ni yeye, maana alikuwa akishinda kivulini kwenye ngozi yake ya ng'ombe, mchembe shavuni tangu asubuhi, na bakuli likiisha anatuma lingine. Lakini nyani haoni kundule. Lisemwalo lipo, alisema, akaninyang'anya ufunguo kama nilivyoeleza.

Nilimngoja mume wangu arudi kutoka Nyarugusu. Nilijiambia huyu ananijua. Alipofika nikamwekea maji ya kuoga, nikampa chakula, nikamsimulia yote. Alikula mpaka akamaliza, akanawa mikono, akasema, "Mama ameona alichokiona."

"Na wewe umeona nini?"

"Nimeambiwa rangi ilivyokuwa."

Basi. Miaka yote ile, watoto wote wale, na mtu ananihukumu kwa rangi ambayo hata hakuiona. Mama yake akamalizia palepale: nipimwe tena baada ya mavuno kuuzwa, na ikiwa ileile, niende kwetu nikapumzike kidogo. Wanawake wa kwetu tunajua maana ya kupumzika kwenu. Ni safari ambayo masanduku yako hukufuata nyuma.

Nililia usiku mmoja, sikulia wa pili. Asubuhi nikamwendea mama mkwe kwenye ngozi yake, nikapiga magoti, shikamoo, marahaba, nikamwita mama kwa lugha yetu, nikamwambia: "Mayu, kuanzia leo nitakula na wewe sahani moja. Ukishiba wewe, nimeshiba mimi. Usiponiona nimeweka kitu mdomoni, basi sijakiweka." Alidhani nanyenyekea. Akakubali kwa furaha, akafurahia pia kwamba kila mtu alimwona mkwe wake akila chini ya jicho lake. Michembe yake alikula peke yake, mimi nikamtazama.

Na kutembea nikavalia njuga. Wifi alikuwa ameacha. Alishapona, ana ufunguo, ana haja gani? Nikaenda peke yangu na ndoo yangu tupu. Josho likawa karibu mno, nikalipita, nikaanza kupanda kilima cha mawe kilicho ng'ambo yake. Mwanzo nilikipanda kwa kusimama, mkono kifuani. Baadaye nikakipanda bila kusimama. Kuna wanaume walikuwa wakipeleka mkaa kwa baiskeli njia ile, wanashuka kwenye mpando wanasukuma, na siku moja nikawapita. Mmoja akauliza, "Mama, ndoo ina nini kinachokukimbiza?" Nikamwambia ina mama mkwe. Walicheka, nami nikacheka, nikagundua kwamba nacheka huku napanda kilima na pumzi haijanikata.

Hicho ndicho kilichonipa jeuri. Mwili wangu ulikuwa umebadilika na mimi ndiye niliyekuwa ndani yake. Miguu ilikuwa migumu. Nilikuwa nalala fofofo. Moyo ambao zamani ulikuwa ukinidunda masikioni nikiinama kuwasha moto, ulikuwa umetulia. Kama nilikuwa nadanganya, mbona mwili haukuwa na habari?

Siku ya kupimwa tulikwenda wote wanne. Mama mkwe alipanda nyuma ya baiskeli ya mwanawe, kwa sababu miguu yake haikuzoea njia. Wifi na mimi tulitembea. Wifi alichoka katikati. Mimi nilifika kabla ya baiskeli.

Mganga akachemsha. Nilisimama, sikukaa. Bluu, kijani, njano, chungwa. Ikatulia hapo.

Sitaki kudanganya kwamba sikuumia. Niliona masanduku yangu. Mume wangu alitazama dirishani. Mama mkwe akashusha pumzi, akasema kwa ule upole wake, "Haya. Mungu si Athumani." Na nilipousikia ule upole, damu ikanichemka.

"Daktari," nikasema, "mpime na mama."

Kila mtu akanigeukia. Mkwe hataji mkojo wa mama mkwe wake. Hayo hayasemwi, hata mlevi hayasemi. Mume wangu akaniita, "Mama watoto," kwa sauti ya kunikanya, nikatia pamba masikioni. "Tumekula sahani moja msimu mzima," nikasema. "Yeye mwenyewe ni shahidi. Kama ni chakula, basi kiko kwetu wote wawili. Mpime."

Nilidhani atakataa. Lakini mama mkwe alikuwa mwanamke wa kiburi safi, na hilo lilimgusa. Akainuka, akachukua kikopo, akaenda, akarudi nacho kama anayeleta ushahidi barazani. Mganga akachemsha. Tukautazama mrija ule sote, ukatoa povu, ukatulia. Bluu. Bluu kuliko hata ya wifi.

"Umeona?" akaniambia.

"Nimeona, Mayu. Sasa niambie, wewe umetembea lini?"

Moto wa spiriti unawaka tu.

"Umekaa kwenye ngozi yako tangu mavuno ya mwaka jana. Sahani yangu ndiyo yako, na juu yake una michembe. Mimi nimepanda kile kilima kila alfajiri. Kama sukari ni mshahara wa uvivu na ulafi, wako uko wapi?"

Mama mkwe akafungua mdomo. "Labda alikuwa akifika njiani anakaa," akasema, lakini hakumwambia mtu yeyote hasa.

Hapo ndipo wifi aliponena, na alinena akitazama chini. "Hakuwa akikaa, Mayu. Nilitembea naye. Aliyekuwa anaomba tukae ni mimi."

Nilimuuliza miaka mingi baadaye kwa nini alinyamaza mara ya kwanza. Akasema, "Wifi, nilipoona bluu nilidhani nimeshinda. Na mshindi hataki kuambiwa kwamba mashindano yalikuwa ya bahati." Nilimsamehe, karibu yote.

Mganga, nampa haki yake, mnyonge mnyongeni. Hakujitetea. Alinikalisha, akanifunga presha, akaisikiliza, akaifunga tena. Akanishika kiganja akahesabu mapigo. Akaniambia nisimame nipande ngazi ya mlangoni, nishuke, nipande, nishuke, akahesabu tena. Akarudi nyuma kidogo. "Presha imeshuka vizuri," akasema. "Na huu ni moyo wa mtu anayetembea. Moyo huwezi kuupata kwa kusema uongo." Kisha akaniuliza swali ambalo alipaswa kuniuliza siku ya kwanza: kwenu nani alikuwa na sukari?

Nikamwambia. Mama yangu alikufa nayo, macho yakiwa yamezimika. Dada yake pia. Baba yao alikatwa mguu.

Akaweka kalamu chini, akatueleza, na maelezo yake sijayasahau kwa sababu yalikuwa ya kwanza kunitoa kizimbani. Mazoezi ni mamoja, alisema, lakini miili inayapokea kila mmoja kwa namna ilivyozaliwa. Kuna ambaye akitembea sukari inaisha mwilini kama maji kwenye mchanga. Kuna ambaye kutembea kunamponya presha, kunamjenga moyo na pumzi, na sukari inabaki imenuna. Na kuna waliozaliwa na bahati yao, wanakaa na hawapati kitu. "Mama huyu hakukosea," akasema. "Tulikosea kufikiri kwamba miguu yote inafika kwenye damu kwa njia moja. Aendelee kutembea, na vidonge nampa leo."

Siku hizi wasomi huyasema haya redioni kama jambo jipya, kwamba ni mambo ya kurithi, kwamba mmoja ananufaika hapa na mwingine pale. Mimi huwa nazima redio. Mimi nililipata katika mrija wa kioo, karibu linifukuzishe nyumbani.

Mume wangu alikuwa bado anatazama dirishani. Nilikuwa nimekwisha kuanza, nikaona nisiache kazi nusu.

"Baba watoto," nikamwambia, "wewe umechunga tangu hujaota meno ya utu uzima. Ng'ombe wawili wanalala zizi moja, wanakula malisho mamoja, wanakunywa lambo moja. Mmoja ananawiri, mwingine mbavu nje. Umewahi kumchapa yule mwembamba kwamba anatema majani kwa siri?"

"Hapana."

"Unafanya nini?"

Alikuwa mtu wa ng'ombe kweli, hawezi kusema uongo juu ya ng'ombe. "Nauliza mama yake alikuwa nani," akasema.

"Basi mimi hukuniuliza."

Wazee wake walipokuja kuniposa walichunguza ukoo wetu kama kuna kifafa, kama kuna uchawi. Wazee wangu wakachunguza kila ng'ombe wa mahari, ametoka kwa nani, mama yake alitoa maziwa kiasi gani. Watu tunaojua kizazi cha kila ndama, tukifika kwa mke tunauliza amekula nini. Mimi sikuelewa wakati ule na sielewi leo.

Tulirudi nyumbani. Wifi hakungoja kuambiwa. Tulipoingia uani alinifunga ufunguo kiunoni mwenyewe, kwa kamba ileile ya katani. Mama mkwe alikwisha kukaa kwenye ngozi yake. Nikafungua stoo, nikaingia, nikaona kila kitu kilikuwa kama nilivyokiacha isipokuwa gunia la michembe, ambalo lilikuwa limebaki robo. Nikajaza bakuli. Nikatoka nalo, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikampa kwa mikono miwili kama heshima inavyotaka. Kisha nikachukua kipande kimoja kutoka bakuli lile, kimoja tu, nikakaa kando yake kwenye ngozi, na nikakila polepole huku ananitazama. Kilikuwa kitamu. Kilikuwa changu.

Kesho yake alfajiri nikaoga, nikameza kidonge changu, nikafunga kanga. Ndoo ilikuwa mlangoni. Nikaiacha hapohapo, nikatoka mikono mitupu, ufunguo ukigonga kiunoni kila hatua. Karibu na josho jirani akanisimamisha. Mwangaluka, mwangaluka, habari za asubuhi, unakwenda wapi mbio hivyo bila kitu, kuna msiba?

"Hakuna," nikamwambia, na sikupunguza mwendo. "Natembea."